Kwetu Dame Hutangazwa

Sijaomba msamaha, na wanaosubiri niombe wataota mvi. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema anakaa na mtu wa namna gani. Wapo watu hapa Bujumbura wanaosema kwamba Jumapili ile nilijiharibia mwenyewe, kwamba nilikuwa na ushindi mkononi nikautupa kwa sababu ya neno moja. Ushindi nilikuwa nao, ni kweli. Neno nililisema, nalo ni kweli. Mengine yote wanayasimulia vibaya, kwa hiyo acha niyasimulie mimi.

Sataranji nilijifunzia mtaa wa Bwiza, uani kwa mama yangu. Mama aliingia Burundi akitokea Uvira, upande wa Kongo, na marobota yake ya vitenge, akapata nyumba yenye vyumba viwili vya nyuma, na kimoja akampangisha mwalimu mmoja Mkongomani ambaye hakuwa na mali yoyote ya maana isipokuwa ubao wa sataranji na vipande vyake. Vyenyewe havikutimia. Farasi mmoja alikuwa kizibo cha soda, na dame nyeusi ilikuwa kifuniko cha manukato ya mama. Dame ndilo jina letu la malkia. Tumelichukua kwa Wafaransa kama tulivyochukua mengine mengi. Ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote ubaoni, kinakwenda mbele, nyuma, kando na mshazari, mbali kadiri kinavyotaka. Ukikipoteza, umebaki na mfalme wako na sala zako.

Mwalimu yule aliwafundisha wote waliokuwa tayari kukaa. Mafundi walijifunza, wauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, walijifunza, hata wanawake waliokuja kuchota maji kwenye bomba letu walijifunza huku ndoo zikijaa. Lakini aliyeshika kuliko wote ni mama, na mama ndiye aliyeweka sheria ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Ukisogeza kipande kinachotishia dame ya mwenzako, sharti useme “Dame!” kwa sauti ya kusikika, kisha unyamaze umwachie afikiri. Usiposema, kipande kinarudishwa kilikotoka na ua mzima unakuzomea.

“Mutu ukimupiga bila kumwambia, haukumushinda,” mama alikuwa akisema. “Ulimwibia. Kwa mutu unapiga hodi kwanza, njo unaingia.”

Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba mchezo ule ni vita, na vitani hakuna hodi. Mama akamjibu kwamba vita amevikimbia mara mbili na mtoto mgongoni, asimfundishe vita, acheze. Mwalimu akacheza. Tangu siku hiyo sheria ikawa sheria, na mwalimu alipohamia kwingine sheria ilibaki. Mpaka leo mtaani kwetu jioni utasikia watu wakiitana dame, dame, na mpita njia asiyejua anadhani kuna mwanamke anayetafutwa.

Mimi sasa ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Nauza miwani katika duka moja la Rohero, katikati ya mji. Mchana kutwa napima pua na masikio ya watu, jioni narudi Bwiza naketi mezani. Mashindano rasmi sikuwa nimeyacheza hata mara moja. Si kwamba niliogopa. Hakuna aliyeniita, na mimi siendi harusini bila kadi. Mwaka huu wakatangaza mashindano ya wazi, yeyote ajiandikishe, na watakaoshika nafasi nne za mwanzo wataunda timu ya kwenda kucheza Kampala. Nikajiandikisha.

Nilipofika Jumamosi asubuhi nilijua kwamba kule mtu ana namba. Wanaiita elo. Ukishinda inapanda, ukishindwa inashuka, na ukimpiga aliyekuzidi inapanda zaidi. Namba hiyo inawaambia watu wewe ni nani kabla hujagusa kipande. Wengine walikuwa na elfu na ushei, wachache walikaribia elfu mbili, na mmoja tu alikuwa amezipita. Mbele ya jina langu waliandika sifuri. Bwana mmoja wa maandalizi alinijia kwa tabasamu akaniambia kwamba kina mama wana meza zao karibu na dirisha, kuna hewa nzuri, pengine ningefurahi zaidi. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilimwambia kwamba nimezoea joto, nikakaa meza ya katikati.

Jumamosi nilishinda, nikashinda tena, nikatoa sare moja, nikashinda. Sheria ya mama haikuniletea taabu siku hiyo, maana michezo yote iliamuliwa na askari wadogo na ngome; dame zilitoka mapema, wapinzani wakianza wenyewe kubadilishana. Ikabaki raundi moja ya Jumapili. Nafasi tatu za timu zilikwisha pata wenyewe. Ya nne ilikuwa kati yangu na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu. Hesabu ilikuwa nyepesi: nikishinda, nakwenda Kampala. Sare au kushindwa, anakwenda mwanafunzi. Wakanipanga na yule wa zaidi ya elfu mbili.

Alikuwa wakili, kijana bado, amesomea Ulaya, na kila mtu alimwita Maître kama mawakili wote wanavyoitwa hapa. Nafasi yake ya Kampala alikuwa ameshaipata, kwa hiyo kwake mchezo wetu ulikuwa wa kukamilisha siku. Kwangu ulikuwa ndio siku yenyewe. Nilitaka kwenda. Niliitaka safari ile kwa tamaa ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa msichana, nikaota nimevaa fulana ya timu, nimeketi nyuma ya kibendera cha nchi, na mtaa mzima umejaa uani kwa mama kusikiliza habari.

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja. Petroli ilikuwa haipatikani, jambo ambalo siku hizi halimshangazi mtu, basi nilipata bajaji hadi nusu ya njia na nusu nyingine nikaikanyaga mwenyewe. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja Kibenga, jirani na ziwa. Umeme ulikuwa umekatika, madirisha yamefunguliwa, na upepo ulikuwa ukizipeperusha karatasi za watu. Fundi cherehani jirani yangu, ambaye tunacheza naye kila jioni, alikuwa amenitangulia na kusimama mlangoni pamoja na watazamaji wengine.

Maître alinipa mkono, akasema “Bonjour, madame,” akaketi. Mimi nilikuwa na nyeupe. Alicheza upesi upesi. Akishasogeza kipande chake alibonyeza saa, akainuka, akaenda kutazama meza za wenzake mikono mfukoni. Mimi sikuinuka. Nilikaa nikiutazama ubao mpaka ukanijia vizuri, na nikaona kwamba mtu huyu anacheza na sifuri yangu, hachezi na mimi.

Ndipo farasi wangu akapata pa kurukia. Akatua mahali pazuri kabisa, na kutoka pale alikuwa anaitazama dame yake moja kwa moja. Maître alikuwa amesharudi kitini, lakini macho yake yalikuwa upande mwingine wa ubao, ambako alikuwa na mipango yake na ngome. Nikabonyeza saa. Mkono wake ukaenda kwenye ngome. Vidole vilikuwa vinakaribia kuigusa, na kule ukigusa umecheza.

“Dame!” nikasema.

Sikufikiri. Miaka yote ile mdomo wangu umelisema neno hilo kila mkono wangu ulipofanya kitendo kile. Ukumbi ulikuwa kimya, na neno likatoka kwa sauti ya Bwiza, ya mezani kwetu, ya kushindana na redio na pikipiki. Vichwa vyote vikageuka. Mkono wa Maître ukasimama hewani. Akautazama ubao, akamwona farasi, akaona alichokuwa anataka kukifanya. Akaurudisha mkono taratibu, akaondoa dame yake pale, akabonyeza saa. Kisha akainua mkono kumwita mwamuzi.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo kama mimi nilivyosimama. Mtu niliyemwokolea dame yake ndiye aliyeniinulia mkono.

Mwamuzi alikuwa mzee aliyestaafu ualimu, mpole, mwenye miwani iliyokaa upande. Akainama mezani kwetu.

“Mama, umeongea?”

“Nimesema dame, mzee.”

“Kwa nini?”

“Farasi yangu iko inaiangalia.”

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa wema, lakini si wote. Mzee akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mezani haruhusiwi mtu kuongea na mpinzani wake, ila akitaka kumwomba sare. Akamwongezea Maître dakika kwenye saa, iwe fidia ya usumbufu. Akaniambia kwamba nikirudia, mchezo utakuwa umekwisha na nimeshindwa. Nikasema nimeelewa.

Mzee alipoondoka, Maître alisogeza uso karibu.

“Madame,” akasema polepole, “huku hatuko Bwiza.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Angenitukana ningecheka, maana matusi nayajua na mengine nimeyatunga. Upole ule ndio ulionichoma. Nikacheza hatua yangu, na wakati anafikiria yake nikainuka, nikaenda mlangoni kuvuta hewa. Fundi cherehani, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanishika kiwiko.

“Yaya, leo funga kinywa. Leo tu. Tukifika Bwiza utasema mupaka uchoke.”

“Na mama?”

“Mama haiko hapa. Atajulia wapi?”

Nilirudi kitini nimekubali kunyamaza. Sitajipamba ushujaa ambao sikuwa nao wakati ule. Nilijiambia kwamba kila nyumba ina desturi zake, na ukiwa mgeni unakula unachopewa. Nikanyamaza, tukacheza. Baada ya muda kidogo yeye akaleta kipande mshazari, kile ambacho sisi tunakiita mwehu, kikaitishia dame yangu. Hakusema kitu, na kwa sheria yao hakutakiwa kusema. Nilikiona, nikaiondoa dame yangu. Akanitazama akatabasamu kidogo, kama kusema, umeona, hivi ndivyo tunavyofanya. Akainuka tena kwenda kutembea.

Labda ni hasira yake ya kukaribia kuaibika, labda ni ile sifuri yangu iliyokuwa bado inamdanganya, sijui. Aliporudi aliona askari wangu mdogo kwenye kona, peke yake, hana mlinzi. Alikuwa hana mlinzi kwa sababu sikutaka kumpa. Mezani kwetu hata mwanafunzi wa wiki moja angejiuliza kwa nini mwanamke mzima ameacha mlango wazi. Maître hakujiuliza. Dame yake ikaenda mpaka konani kule, ikamla askari, ikakaa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nikaanza kuhesabu njia zake. Kurudi alikotokea, mwehu wangu ameshika mstari ule. Kwenda kando, farasi. Kupanda juu, askari wangu wengine wawili wamebanana na kila mmoja ana mlinzi. Kilichobaki ni mimi kuisogeza ngome hatua moja, iitazame dame uso kwa uso, na ngome yenyewe ilikuwa na mlinzi. Nilihesabu tena, maana furaha hupofusha. Nikahesabu kutoka upande wake. Kampala nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo pale pale, hatua moja ya ngome na kimya.

Nikaisogeza ngome. Nikabonyeza saa.

Maître alitazama ubao. Safari hii hakuinuka. Niliona rangi ya masikio yake ikibadilika, nikajua ameona. Hakuhitaji kuambiwa na mtu, na neno langu lisingempa nafasi ambayo ubao ulikuwa umemnyima. Hilo ndilo wanaonisema hawataki kulielewa. Ya kwanza ilikuwa kumsaidia, hata kama sikukusudia. Hii ya pili isingemsaidia kitu. Ningeweza kunyamaza, na hakuna mtu duniani angedhurika.

Lakini nikafikiri: nikinyamaza sasa, nimeshinda kwa namna gani? Nitarudi Bwiza nimesema kwamba meza yetu ni ya wahuni, kwamba neno la mama yangu ni tope la viatuni linalofutwa mlangoni kabla ya kuingia kwa watu wa maana. Nitaketi Kampala na kibendera mbele yangu na mdomo umeshonwa. Nikamtazama Maître, ambaye alikuwa ameniambia hatuko Bwiza. Nikaona kwamba alikosea. Mimi nilikuwa Bwiza. Popote ninapokaa mbele ya ubao ule, niko Bwiza.

“Dame,” nikasema. Si kwa kelele safari hii. Nilisema vizuri, herufi zote, nikimtazama machoni.

Mkono wake ukapanda nusu ya njia, ukaganda. Hakukuwa na haja ya kuumalizia; mwamuzi alikuwa amesikia. Mzee akaja, akautazama ubao, akakaa anautazama. Alijua sataranji, mzee yule. Akauona mlango wote ulivyofungwa. Kisha akaniinamia, karibu kuninong'oneza.

“Mama, mi naona imekuponyoka tu. Ni mazoea. Si ndiyo? Niambie imekuponyoka, nitakupa onyo la mwisho, muendelee kucheza.”

Akaniangalia kwa macho ya kuomba. Alikuwa ananipa Kampala kwenye sahani. Nilimtazama Maître nione atasema nini, maana angeweza kukubali au kukataa. Alikuwa anautazama ubao na mkono wake ungali juu ya meza, haujashuka wala haujapanda. Mlangoni fundi cherehani alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo, mpaka kofia ikamwanguka.

“Ile ya kwanza iliniponyoka, mzee,” nikasema. “Hii apana. Hii nimeisema.”

“Unajua maana yake?”

“Najua.”

Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena upande vile vile. Akaisimamisha saa. Akatangaza kwamba mweupe amepoteza mchezo kwa kuvunja sheria baada ya kuonywa. Sauti yake haikuwa na furaha. Sina kinyongo naye, alifanya kazi yake, na mimi nilifanya yangu. Nilisikia uchungu, nisidanganye. Lakini majuto sikuyasikia. Nilijitafuta mwili mzima sikuyaona, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Maître akanyoosha mkono, kama inavyotakiwa mchezo ukiisha. Nikaupokea. Sikuuachia.

“Maître, muchezo imeisha, sasa naruhusiwa kuongea. Niambie kitu kimoja tu. Dame yako ungeipeleka wapi?”

“Madame, haina maana tena. Mchezo umeisha.”

“Kwangu iko na maana. Onyesha.”

Watu walikuwa wameanza kusogea. Mwanafunzi aliyepata nafasi yangu alikuwepo, bwana wa maandalizi alikuwepo, wachezaji wa meza za dirishani walikuwepo. Maître angeweza kuchukua mkoba wake akaondoka. Hakuna sheria iliyomzuia. Alibaki. Kwa hilo namheshimu mpaka leo. Akaukomboa mkono wake, akainama juu ya ubao, akagusa nyumba moja ya ubao, mraba alioufikiria.

“Mwehu,” nikasema.

Akagusa nyingine.

“Farasi.”

Akapeleka kidole juu, kwa askari wangu, akaona mwenyewe kabla sijasema. Akafikiria kutoa kipande kingine sadaka. Nikaona macho yake yakifuata njia ile hadi mwisho na kurudi mikono mitupu. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri mchezo mzima. Hakuna aliyecheka. Upepo uliangusha karatasi meza ya pili na hakuna aliyeiokota.

“Apana,” akasema mwishowe. Sikuwa nimemsikia akisema hivyo mchana ule wote, kama tunavyosema sisi. “Haina pa kwenda.”

“Na nilikuambia?”

Akainua uso, akanitazama. Mbele ya wote wale akajibu.

“Uliniambia.”

“Basi nimekushinda,” nikamwambia. “Nenda Kampala salama.”